Bodi ya Z80 Haiamki: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kung'oa Prosesa

Bodi nyingi za zamani zinazofika mezani kwangu huwa zimeshapita kwa fundi mwingine. Alama za kupita kwake ni zilezile: pini arobaini za prosesa zimechomwa, njia za shaba zimenyanyuka, na soketi mpya imebandikwa kwa risasi nyingi kuliko inavyohitaji. Mwenye mashine ukimuuliza, anakujibu, "Waliniambia ubongo umekufa."

Ubongo kwa kawaida ni mzima. Kwenye bodi za Z80 (aina ya prosesa ya zamani) prosesa ndiyo huwa ya mwisho kufa, baada ya kapasita, soketi, betri, kumbukumbu na hata rezista ya senti chache. Kuing'oa kwanza ni kufanya upasuaji kabla ya kupima homa. Tena siku hizi kosa hilo ni ghali zaidi, maana Zilog, waliotoa Z80 mwaka 1976, walifunga kupokea oda za chipu hiyo Juni 2024. Zinazouzwa sasa ni akiba, ni zilizong'olewa kwenye mashine nyingine, au ni chipu nyingine kabisa iliyosuguliwa mgongo na kuandikwa upya.

Uzuri wa prosesa hizi ni kwamba hazina siri. Kwenye chipu nyingi za leo prosesa, kumbukumbu na saa (chanzo cha mapigo yanayoiendesha prosesa) vimefungiwa ndani ya kidonge kimoja. Z80 inaanika kila kitu nje kwenye miguu yake 40: anwani inayosoma, data inayopokea, kama inasoma au inaandika, kama imelala au inasubiri. Anayejua kuitazama miguu hiyo hahitaji kubahatisha. Namba za pini nitakazotaja ni za Z80 ya miguu 40. Mwenye 6502 au 8085, prosesa nyingine za zamani, atumie mpangilio huohuo wa fikra, ila afungue jedwali la pini la chipu yake.

Vifaa havitishi. Mita nzuri, kalamu ya lojiki yenye taa ya juu, ya chini na ya mapigo, kioo cha kukuzia, spiriti safi, na kifaa cha kusoma EPROM, yaani chipu inayobeba programu ya mashine. Osiloskopu ukiipata, hata ile kuukuu ya megaherzi 20, utaheshimika. Jambo moja kabla ya kuwasha: chomoa waya zinazokwenda kwenye mota, hita na rilei. Prosesa iliyochanganyikiwa inaweza kuamuru mota izunguke wakati vidole vyako viko ndani.

"Haina umeme kabisa" au "inaunguza fyuzi"

Hapa hatuzungumzii prosesa hata kidogo. Pima volti 5 kwenye miguu ya chipu yenyewe, usiipime kwenye pawa saplai. Kwa Z80 ni kati ya pini 11 na pini 29. Unataka 4.75 hadi 5.25. Nimeona bodi yenye 5.05 kwenye saplai na 4.4 kwenye prosesa, tofauti yote ikiwa imeliwa na kiunganishi cheusi kwa kutu. Sisi wa pwani tunakijua vizuri: hewa ya bahari ina chumvi, na kiunganishi kisichoguswa miaka 20 kinageuka kuwa rezista.

Kisha weka mita kwenye AC, palepale. Ukiona zaidi ya volti 0.1, kapasita kubwa za saplai zimekauka na mawimbi yanapita. Badilisha kwanza, maswali baadaye.

Ikiwa volti 5 imepiga shoti hadi ardhini, mshukiwa wa kwanza ni zile kapasita ndogo za tantalum zenye umbo la tone, za rangi ya chungwa au bluu. Zinapokufa hupiga shoti kabisa, na nyingine hulipuka kama baruti. Usizing'oe moja moja kwa kubahatisha. Chukua saplai ya meza, ishushe hadi volti 1, izuie isipite ampea 1, iunganishe kwenye laini ya volti 5, halafu paka spiriti juu ya bodi kwa brashi. Mahali spiriti inapokauka haraka kuliko kwingine ndipo shoti ilipo. Kwa volti 1 chipu nzima haiamki wala haiungui.

Kuna bodi zenye volti tatu: +5, +12 na -5. Hizo ni zile zenye kumbukumbu aina ya 4116, kama ilivyokuwa kwenye kompyuta ndogo ya ZX Spectrum ya mwaka 1982. Pini 1 ya 4116 inataka -5. Ikikosekana -5 huku +12 ipo, chipu hizo hupata joto na kufa, wakati mwingine kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo ukikuta 4116 zimekufa, usiweke mpya hadi uone -5 kwa macho yako.

"Umeme upo, lakini imenuna"

Huu ndio ugonjwa wenyewe, na hapa tukae kitako.

Anza na saa, pini 6. Kalamu ya lojiki itakuambia mapigo yapo au hayapo, na mafundi wengi wanaridhika hapo. Usiridhike. Z80 ya zamani, ile ya NMOS, haikubali mapigo ya kiwango cha kawaida cha TTL (familia ya chipu za volti 5 kama 74LS) kwenye pini hii. Pini nyingine zote zinakubali volti 2 kuwa ni "juu", lakini pini ya saa inataka ifike karibu na saplai yenyewe, pungufu ya volti 0.6 tu. Yaani kwa saplai ya 5 inataka 4.4. Chipu ya 74LS haifikishi hapo peke yake, inaishia volti 3 na kidogo. Ndiyo maana wabunifu waliweka rezista ya kuvuta juu, kwa kawaida omu 330, kati ya saa na volti 5.

Nilipelekewa mizani ya kupimia magunia kutoka ghala moja. Malalamiko: "Asubuhi inaamka, jua likipanda inagoma." Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha prosesa, ikagoma, akabadilisha tena, ikagoma, akashika kichwa. Mapigo yalikuwepo kwenye pini 6, megaherzi 4 safi, na kalamu ya lojiki iliimba vizuri. Osiloskopu ndiyo iliyosema ukweli: kilele cha mapigo kilikuwa volti 3.5. Rezista ya omu 330 ilikuwa imepasuka chini ya rangi yake, kwa nje haina hata doa. Penye ubaridi prosesa ilijikongoja, penye joto ikashindwa. Ukiwa huna osiloskopu, zima bodi na upime rezista hiyo kwa mita. Dakika moja tu.

Kama saa haipo kabisa, kristali huwa imeanguka chini siku moja na kupasuka ndani, au chipu inayoiendesha, mara nyingi 74LS04, imekufa. Kristali ni rahisi kuliko chipu. Jaribu hiyo kwanza.

Sasa pini 26, riseti. Unapowasha inatakiwa kuwa chini kidogo, kisha ipande na kubaki juu. Z80 inahitaji ikae chini kwa mapigo kamili matatu ya saa tu, ila saa yenyewe inahitaji muda kutulia, hivyo bodi huweka rezista na kapasita za kuchelewesha. Kapasita ikivuja, riseti haipandi kamwe na prosesa inakaa kama mtu aliyeshikwa shingo. Kapasita ikikauka, riseti inapanda mapema mno, kabla umeme haujatulia, na prosesa inaanza safari kwa mguu mbaya. Kipimo ni rahisi: bodi ikiwa imewashwa, gusisha pini 26 na ardhi kwa sekunde chini ya moja, kisha achia. Ikiamka kwa mkono wako na haiamki yenyewe, umepata ugonjwa, nao ni kapasita ya mikrofaradi kadhaa. Ikiwa bodi ina chipu ya mlinzi inayopiga riseti kila programu inapozubaa, utaona riseti ikishuka na kupanda kwa mpangilio bila kuchoka. Hapo riseti si ugonjwa. Mlinzi analalamika kwamba programu haitembei, nawe endelea mbele.

Pini nne zinapitwa haraka: 24 ya kusubirisha, 25 ya kuomba njia, 16 na 17 za kukatiza. Zote zinatakiwa kuwa juu bodi ikiwa imetulia, isipokuwa 16 ambayo inaweza kupigapiga. Pini 24 ikishikwa chini, prosesa inasubiri milele. Pini 25 ikishikwa chini, inaachia njia zote na kukaa kando. Nyingi zimefungwa juu kwa rezista tu, na rezista hizo zikiwa kwenye kile kifurushi chenye miguu tisa, mguu mmoja ukikatika unakuharibia siku.

Halafu tazama pini 27, M1. Kila prosesa inapochukua agizo jipya, pini hii hushuka. Ikipiga, prosesa ina uhai. Ikiwa saplai ni nzuri, saa ni nzuri mpaka kilele, riseti iko juu, 24 na 25 ziko juu, na bado M1 imekufa ganzi, basi hapo una ruhusa ya kuishuku prosesa. Kabla ya hapo huna.

M1 inapiga, mashine bado imenuna

Prosesa inatembea, lakini haijui inakokwenda. Sababu kubwa ni kwamba maagizo inayosoma si yale yaliyoandikwa.

Tazama pini 18, HALT. Ikiwa chini, prosesa imesoma agizo 76 (misimbo ya maagizo na anwani hapa ni ya heksadesimali) na kujilaza. Programu chache za viwandani hujilaza kwa makusudi zikingoja kukatizwa. Hizo utaziona zikiamka mara nyingi kwa sekunde. Ikilala moja kwa moja, imepotea njia.

Dalili ninayoipenda kuliko zote ni ya pini 22, WR, ya kuandika. Kijana wa karakana yangu aliwahi kuniita kwa furaha: "Mzee, inaandika! Inaandika bila kupumzika!" Kuandika bila kupumzika si uzima. Fikiri kidogo: EPROM isipojibu, na njia za data zikiwa zimevutwa juu kwa rezista, kila prosesa inaposoma inapata FF. Kwa Z80, FF ni agizo la kuruka hadi anwani 0038 baada ya kuhifadhi anwani ya kurudi kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Pale 0038 inasoma FF nyingine, inahifadhi tena, inaruka palepale tena. Kila mzunguko ni mapigo 11 ya saa na baiti mbili zimeandikwa. Staki inashuka, inapita kumbukumbu nzima, inazunguka na kuanza upya. Kwenye osiloskopu utaona mdundo sawasawa wa M1 moja na WR mbili, M1 moja na WR mbili, kama ngoma. Ukiuona mdundo huo usiguse prosesa. Nenda kwenye EPROM: je, imekaa vizuri kwenye soketi? Pini yake ya kuchaguliwa inashuka? Bafa ya data, chipu inayopitisha data kati ya pande mbili, kwa kawaida 74LS245, inafunguka upande sahihi?

Kwa njia za data zenyewe tumia macho kuliko mita. Ishara ya TTL iko chini ya 0.8 au juu ya 2.0. Njia inayokaa katikati, volti 1.4 hadi 1.6, kwa kawaida inaelea, hakuna anayeishika. Njia inayoonyesha ngazi ya tatu, kama ngazi ya nyumba iliyojengwa vibaya, inashikwa na chipu mbili kwa wakati mmoja, moja ikivuta juu na nyingine chini. Kabla ya kulaumu chipu hizo mlaumu anayewagawia zamu, yaani 74LS138 inayosoma anwani za juu na kuchagua nani azungumze. Ikiwaruhusu wawili, wote watasema.

Kipimo cha kutembea bure

Ukiwa umekwama, acha kuuliza programu ina nini. Mpe prosesa programu isiyoweza kuharibika: agizo 00, ambalo kwa Z80 ni "usifanye kitu, endelea." Ukilazimisha njia zote nane za data kuwa sifuri, prosesa itasoma 00 kila mahali, na itatembea anwani zote 65,536 kwa mfuatano, kisha itaanza upya.

Nilitengeneza adapta yangu kwa soketi mbili za miguu 40 zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Pini za data, yaani 7, 8, 9, 10, 12, 13, 14 na 15, nilizikunja zisiingie chini, na kila moja nikaipitisha kwenye rezista ya kilo-omu 1 hadi ardhi. Usizifunge moja kwa moja. Ukatizaji wa pini 17 ukija bahati mbaya, prosesa itajaribu kuandika, na rezista ndizo zitakazoiokoa. Wenye 6502 hawawezi kutumia sifuri. Agizo lao la kutofanya kitu ni EA, kwa hiyo watavuta njia nyingine juu na nyingine chini.

Pandisha prosesa kwenye adapta, adapta kwenye bodi, washa. Kwa saa ya megaherzi 4, kila agizo linachukua mapigo manne, kwa hiyo mzunguko mzima unachukua kama milisekunde 65. Taa ndogo yenye rezista kwenye anwani ya juu kabisa, A15, pini 5, itametameta takriban mara 15 kwa sekunde. A14 itametameta mara mbili ya hapo, A13 mara mbili ya A14, na kuendelea.

Angalizo ambalo lilinipotezea alasiri nzima mara ya kwanza: katika nusu ya pili ya kila agizo, Z80 huweka kwenye njia za anwani namba ya kuhuisha kumbukumbu badala ya anwani ya programu. Kwa hiyo A15 haikai juu imetulia. Inapigapiga kwa milisekunde 33 kisha inatulia chini kwa milisekunde 33. Mita ya kupima herzi ukiiweka hapo itakupa namba ya ajabu, nawe utadhani chipu imeharibika. Tumia taa au osiloskopu.

Wakati huu sasa tembelea bodi nzima. Njia mbili za anwani zikiwa na picha ileile, zimegusana mahali fulani, tafuta tone la risasi. Njia iliyokufa upande mmoja wa bafa na hai upande mwingine, bafa ndiyo mgonjwa. Kila mguu wa kutoka wa 74LS138 inayogawa kumbukumbu unatakiwa ushuke kwa zamu yake. Usioshuka, chipu inayoungojea haijawahi kuitwa. Prosesa ikitembea bure vizuri kwenye adapta, iondolee mashtaka.

"Inafanya kazi kisha inaganda"

Joto, mtikisiko, au kumbukumbu inayosahau. Mtikisiko kwanza: bonyeza kila chipu yenye soketi kwa kidole gumba. Ukisikia mlio mdogo wa kukwaruza, ilikuwa imepanda. Soketi nafuu za miaka ya 1980 zinagusa mguu wa chipu upande mmoja tu, na miguu yenye rangi nyeusi ni fedha iliyochafuka, siyo moto. Isafishe kwa kifutio cha kalamu kisha spiriti. Soketi yenyewe ikiwa imelegea, badilisha. Kuisafisha ni kuahirisha.

EPROM zinahitaji maneno zaidi. Ndani yake, biti iliyoandikwa ni chaji iliyonaswa. Chipu iliyofutwa inasomeka FF kila mahali, na kuandika ni kuzigeuza baadhi ya biti ziwe sifuri. Chaji ikivuja kwa miaka, sifuri inarudi kuwa moja. Kabla haijarudi kabisa inakuwa kigeugeu: asubuhi sifuri, mchana moja. Kwa hiyo usiisome mara moja. Isome mara tano, ulinganishe mafaili. Kama kifaa chako kinakubali, isome kwa volti 4.5 na kwa 5.5. Nakala zikitofautiana hata baiti moja, umempata. Na hata zikilingana, hifadhi hiyo nakala mahali salama. Mwenye mashine hana nyingine, na mtengenezaji huenda hayupo tena duniani.

Dirisha la kioo lazima lizibwe. Jua la moja kwa moja linaweza kufuta EPROM kwa takriban wiki moja, na taa za mirija za ofisini kwa takriban miaka mitatu. Nimekuta chipu zilizozibwa kwa karatasi ya sigara. Karatasi ya alumini chini ya kibandiko inafanya kazi nzuri zaidi.

Ukiandika chipu mpya, angalia volti ya kuandikia. 2716 na 2732 zinataka 25. 2732A inataka 21, na ukiipa 25 utaiua papo hapo. 2764 nyingi zinataka 21, 2764A inataka 12.5. Vifaa vingi vya bei ndogo havifiki 21, sembuse 25. Hapo utaona chipu "inagoma kuandikika" kumbe ni kifaa.

"Inasahau" au "inaonyesha namba za ajabu"

Tazama betri kabla ya kitu chochote. Zile betri za nikeli-kadimiamu za volti 3.6 zilizolehemiwa kwenye bodi zilivuja zamani sana, na maji yake yanatambaa chini ya rangi ya kijani na kula njia za shaba. Ni maji ya magadi, siyo asidi, kwa hiyo yanatulizwa na siki nyeupe au ndimu. Ng'oa betri, sugua kwa siki mpaka povu liishe, suuza kwa maji safi, malizia na spiriti, anika. Kisha fuata kila njia kwa mita, soketi hata soketi. Betri mpya iweke mbali, kwenye waya.

Kumbukumbu yenyewe, 6116 au 6264, ninaipima kwa programu fupi niliyoichoma kwenye EPROM tupu. Programu hiyo haitakiwi kutumia staki wala kuita sehemu nyingine, kwa sababu staki iko kwenye kumbukumbu ileile unayoishuku. Kila kitu kifanyike ndani ya rejista, yaani hifadhi ndogo zilizo ndani ya prosesa yenyewe:

        DI
        LD   HL,8000h
        LD   BC,2000h
jaza:   LD   A,H
        XOR  L
        LD   (HL),A
        INC  HL
        DEC  BC
        LD   A,B
        OR   C
        JR   NZ,jaza
        LD   HL,8000h
        LD   BC,2000h
soma:   LD   A,H
        XOR  L
        CP   (HL)
        JR   NZ,kosa
        INC  HL
        DEC  BC
        LD   A,B
        OR   C
        JR   NZ,soma
sawa:   IN   A,(0FFh)
        JR   sawa
kosa:   HALT

Hii ni kwa 6264 iliyopo kuanzia 8000; badilisha anwani na ukubwa kulingana na bodi yako. Kila baiti inapewa thamani inayotokana na anwani yake, hivyo haikamati biti mbovu tu, inakamata na njia ya anwani iliyokatika. Majibu unayasoma bila skrini: kumbukumbu ikiwa nzima, pini 20, IORQ, ya kuongea na milango ya nje, inapiga bila kukoma, ikiwa mbovu, pini 18 inashuka na kubaki chini. Nimetumia IN badala ya OUT kwa makusudi, maana OUT kwenye mlango usioujua unaweza kuwasha rilei. Kama bodi ina mlinzi wa riseti, mtoe kwanza, la sivyo atakukatiza kipimo kila mara.

"Inaonyesha vizuri, lakini haitii"

Vitufe havijibu, rilei hazibonyei, mwanga wa tarakimu moja umepotea. Hapa ubongo ni mzima na mikono ndiyo migonjwa: 8255 au PIO (chipu za milango ya kuingiza na kutoa), ULN2003 (chipu inayoendesha rilei), kiunganishi cha vitufe. ULN2003 hufa mara nyingi zaidi, maana ndiyo inayokutana na dunia ya nje, na bei yake ni ndogo. Anza nayo.

Ukilazimika kubadilisha prosesa

Usifyonze risasi kwa kulazimisha. Kama prosesa kweli imekufa, haina thamani tena na bodi ndiyo yenye thamani: kata miguu yote 40 kwa koleo ndogo karibu na mwili wa chipu, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa chuma cha kulehemu. Weka soketi yenye pini za duara. Z84C00, toleo la Z80 la CMOS, inaweza kukaa mahali pa ile ya NMOS kwenye bodi nyingi, mradi hakuna pini ya kuingiza inayoelea. Chochote unachokinunua, kipitishe kwenye adapta ya kutembea bure kabla hujakiamini, na tazama mgongo wake kwa kioo: maandishi yanayofutika kwa spiriti hayakuandikwa kiwandani.

Mizani ya magunia ilirudi ghalani kwa rezista moja ya omu 330. Zile prosesa mbili ambazo fundi wa kwanza alizing'oa, ya asili na ya kwanza kununuliwa, mwenye ghala aliniachia kwenye mfuko wa nailoni. Nilizipandisha kwenye adapta siku hiyohiyo. Taa ya A15 ilimetameta kwa zote mbili, na moja ndiyo ninayoitumia hadi leo kupimia bodi za wengine.